Mtoto Anayekojoa Usingizini: Je, Ana Lawama?

Kila shukrani anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyemuumba mwanaadamu katika udhaifu, akamjaalia usingizi uwe ni mapumziko ya mwili wake, na akamwondolea hesabu ya yale yasiyokuwemo katika uwezo wake. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake wema. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa mas-ala ambayo wazazi huona haya kumuuliza shekhe, na pengine huona haya zaidi kumuuliza daktari, ni haya ya mtoto aliyekwisha kuacha winda, anayejua kwenda chooni mwenyewe mchana, anayesoma skuli na chuoni, lakini usiku akilala hukojoa kitandani. Likitazamwa kwa mbali, jambo hili ni dogo. Ndani ya nyumba si dogo hata kidogo. Mama huamka kwa ajili ya sala ya Alfajiri, na jambo la kwanza analokutana nalo ni harufu ya mkojo. Shuka zimerowa, godoro limerowa, nguo za mtoto zimerowa, na nduguye aliyelala pembeni yake amerowa pia. Jana ilikuwa hivyo, na juzi ilikuwa hivyo. Na nyumba yenyewe ni ya ghorofa katika mji wa Ghuba, haina ua wa kuanikia godoro. Likitolewa kwenye roshani, majirani wataliona.

Huko kwao, Unguja na Pemba na Mombasa, godoro la sufi lilianikwa uani au barazani, na mtaa mzima ukajua ni la nani. Mtoto akaitwa kikojozi. Katika nyumba nyengine alitwishwa godoro lake mwenyewe, watoto wenziwe wakamfuata wakimwimbia. Wako watu wazima wengi, leo wanaishi Muscat, Dubai au London, ambao huhadithia mambo hayo na kucheka. Lakini ikiangaliwa vizuri, anayecheka aghlabu ni yule aliyekuwa akiimba. Yule aliyebeba godoro hanyanyui uso.

Basi swali ni hili: je, mtoto huyu ana lawama? Na ikiwa hana, anaadhibiwa kwa jambo gani?

Lawama haimpati mtu ila akiwa amejua, akakusudia, na akawa na uwezo wa kufanya au kuacha. Aliyelala hana hata moja katika haya matatu. Na hili si jambo la kutolewa kwa akili tupu, kwani imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeondolewa kwa watu wa aina tatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka imrejee. Mtoto anayekojoa usingizini ameingia katika wawili kati ya hao watatu. Ni mtoto, na amelala. Udhuru wake ni udhuru mara mbili, na hata hivyo ndiye anayechapwa kabla ya wote waliomo nyumbani.

Akisema mwenye kusema: kuondolewa kalamu ni mambo ya Akhera, ama duniani mtoto hutiwa adabu ijapokuwa haandikiwi dhambi, na imekuja katika hadithi kwamba mtoto huamrishwa sala akiwa na miaka 7 na hupigwa kwa kuiacha akiwa na miaka 10. Jawabu yake ni kwamba hadithi hiyo yenyewe ni hoja juu yake. Baina ya miaka 7 na miaka 10 kuna miaka mitatu ya kufundishwa na kukumbushwa, sala tano kila siku, nazo ni zaidi ya mara elfu tano. Tena amri hiyo ni ya jambo ambalo mtoto huliweza akiwa macho: kusimama, kurukuu, kusujudu. Wala wanavyuoni hawakuliacha neno hilo la kupiga wazi bila ya masharti, bali wamelifunga lisivuke mpaka likawa dhulma. Sasa wapi na wapi na mtoto wa miaka 6 ambaye hakufundishwa kitu, wala hakuna cha kumfundisha, kwa sababu aliyelala haamrishwi wala hakatazwi?

Inafaa hapa itenganishwe baina ya mambo mawili ambayo wazazi huyachanganya, nayo ni dhambi na dhamana. Mtu mzima akigeuka usingizini akavunja chombo cha mwenziwe, hana dhambi, lakini chombo hulipwa. Vile vile mkojo wa mtoto ni najisi ijapokuwa mtoto hana kosa, na shuka haina budi ifuliwe. Watu wa madhehebu haya wanajulikana kwa ukali wao katika mambo ya tohara, na ukali huo ni mwema. Lakini kinachoondoa najisi ni maji. Fimbo haijapata kutoharisha godoro.

Na kisa cha bedui kinajulikana. Aliingia msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina akakojoa pembeni mwake, watu wakimtazama. Masahaba wakataka kumwinukia, Mtume (s.a.w.) akawazuia, akaacha amalize haja yake, kisha akaagiza ndoo ya maji ikamiminwa mahali pale. Ndipo bedui akaelezwa kwa upole kwamba misikiti haikujengwa kwa ajili hiyo. Yule alikuwa mtu mzima, yu macho, na mahali penyewe ni msikiti. Basi mtoto mdogo, aliyelala, katika kitanda chake mwenyewe, vipi hapati upole alioupata bedui?

Hapana shaka ya kwamba mzazi mwenye kupiga huona anamfundisha mwanawe. Na kweli humfundisha kitu. Achukuliwe mfano wa mtoto wa kiume wa miaka 7 aliyechapwa asubuhi tatu mfululizo. Usiku wa nne amekojoa tena, kwa sababu fimbo haikufika pale ulipo usingizi wake. Ameamka kabla ya mama, giza bado, amehisi baridi ya nguo, na moyo unamwenda mbio. Basi huvua kikoi akakificha nyuma ya kabati, hulifunika godoro kwa shuka kavu, na akiulizwa husema: sikukojoa. Au husema: ni mdogo wangu. Jambo la kwanza halikuwa na kosa ndani yake. La pili ni uongo, na la tatu ni kumsingizia asiyekuwa na hatia. Na yote mawili ameyafanya akiwa macho, kwa kujua na kwa kukusudia. Nyumba iliyokuwa na mkojo tu sasa ina mkojo na uongo. Kwa umri wake kalamu bado haijamwandikia. Lakini aliyemsukuma mpaka akafika huko amebaleghe zamani, na kalamu yake inaandika.

Hili ndilo zito katika mas-ala haya, na ndilo lisiloonekana. Godoro hukauka jua likitoka. Lakini mtoto aliyejifunza kwamba mama haambiwi ukweli huyachukua mafunzo hayo mpaka anapofikia miaka 15, na wakati huo atakuwa na mambo makubwa zaidi ya kuficha.

Ama kuhusu uwezo, elimu ya utabibu imelifafanua jambo hili vya kutosha. Madaktari hawalihesabu kuwa ni tatizo la kutibiwa kabla ya mtoto kutimiza miaka 5. Katika umri huo kiasi cha watoto 15 katika kila 100 bado hukojoa usiku. Wakifika miaka 7 hubaki baina ya 5 na 10 katika kila 100, na kila mwaka unaopita kiasi cha 15 katika kila 100 ya waliobaki huacha wenyewe bila ya dawa. Wavulana ni wengi kuliko wasichana. Sababu zake ziko mwilini: kuna homoni ambayo ubongo huitoa kwa wingi usiku ili figo zipunguze mkojo, na kwa baadhi ya watoto wingi huo huchelewa kuja; wengine kibofu chao hakijaweza kuhimili mkojo wa usiku kucha; na wengi wao, kibofu kikijaa, habari haifiki mahali pa kuwaamsha. Hata kufunga choo huweza kukibana kibofu, na wazazi wengi hawalijui hili.

Tena hali hii hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa alikuwa hivyo utotoni, kiasi cha watoto wake 44 katika kila 100 huwa hivyo. Wakiwa ni wazazi wote wawili, hufika 77. Na pasipokuwa na mzazi hata mmoja, ni 15 tu. Basi baba anayenyanyua fimbo huenda anampiga mwanawe kwa urithi aliompa mwenyewe. Na lau angelikuwa na ujasiri wa kumwambia mtoto, wakiwa wawili tu, kwamba na yeye alikuwa hivyo mpaka darasa la pili, neno hilo moja lingelimpa mtoto raha kuliko ahadi ya baskeli.

Na ahadi za zawadi nazo zina kasoro yao. Mtoto akiahidiwa kitu kwa usiku mkavu, ameambiwa kwa upole yale yale aliyoambiwa kwa fimbo, kwamba jambo liko mikononi mwake. Afadhali asifiwe kwa anayoyaweza: kwenda chooni kabla ya kulala, kupunguza chai ya usiku, kusaidia kutoa shuka. Chai, hasa, isidharauliwe. Katika nyumba za Waswahili wa Ghuba mtoto hupewa kikombe cha chai ya maziwa baada ya chakula cha usiku, naye anywe akalale, na chai huzidisha mkojo. Na mwezi wa Ramadhani, mtoto anayejizoeza kufunga hunywa kiu yote ya mchana baina ya futari na daku. Si ajabu akakojoa usiku hata yule aliyekwisha kuacha.

Kumkojoza mtoto katikati ya usiku, akibebwa naye amelala, huokoa shuka za usiku huo, lakini hakumfundishi kuamka. Kipo chombo cha kengele kinacholia mkojo unapoanza kutoka, kilichotangazwa Marekani tangu mwaka 1938, na hadi leo madaktari hukisifu kuwa chenye kuponya wengi. Huhitaji wiki nyingi, na mara nyingi mtoto hasikii kengele, bali husikia mzazi, naye ndiye wa kuinuka na kumwamsha. Pengine ndiyo maana wengi hukinunua wakakiacha kabatini: ni dawa inayomtaabisha mkubwa. Dawa ya vidonge pia ipo, nayo haitumiwi ila kwa maagizo ya daktari.

Lakini mtoto aliyekuwa mkavu kwa miezi sita au zaidi kisha akarejea kukojoa, huyo ni mas-ala mengine. Huenda amezaliwa mdogo wake, au familia imehama, au mzazi amesafiri. Huenda anaumwa na njia ya mkojo. Akiwa anakunywa maji kupita kiasi, anakwenda chooni mara kwa mara na anakonda, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani hizo ni dalili za kisukari, na kisukari cha watoto hakingoji. Na pengine kuna aliyemtisha au kumdhuru, naye hana maneno ya kusema. Mzazi anayempiga mtoto kama huyo anaupiga mlango uliokuwa unataka kufunguka.

Bado yako mambo ya sitara. Katika nyumba nyingi za huku anayefua shuka ni mtumishi, na yeye ana ulimi kama watu wengine. Akimsikia mama akimwita mwanawe kikojozi, naye atamwita hivyo. Mara nyengine mtumishi ndiye anayelaumiwa kwa kutomwamsha mtoto, na hiyo ni dhulma juu ya dhulma. Na likizo zinapofika, familia ikarudi kumtembelea bibi, mama humwonya mtoto mbele ya wenyeji wote asije akawaharibia godoro lao. Laiti angelichukua mpira wa kutandika katika sanduku lake, akamwambia mwenye nyumba peke yake, kwa sauti ya chini, mtoto angelilala na aibu yake ikiwa imefunikwa, naye ni Muislamu ambaye aibu yake ni amana.

Limebaki suala moja ambalo kina mama huuliza. Mtoto akiamka, huoshwa mahali palipopatwa na mkojo na hubadilishwa nguo, hahitaji josho. Ama mama aliyekwisha kutawadha kisha akashika shuka mbichi, huosha mikono na hutawadha upya. Na ikiwa jua linakaribia kuchomoza, hutanguliza sala, na shuka zikangoja.