Kumheshimu Mzazi Asiyejua Kusoma

Jumamosi moja baada ya mavuno ya pamba, tuliandaa Siku ya Familia katika mtaa wetu mmoja hapa Bariadi. Tulifunga turubai kwenye uwanja wa kanisa, tukaazima spika, akina mama wakapika. Nia yetu ilikuwa njema: wazazi na watoto wajifunze Neno la Mungu pamoja. Tukaweka na mashindano. Kila familia itoe mzazi mmoja na mtoto mmoja, wasome kifungu cha Biblia kwa kupokezana, mstari kwa mstari. Zawadi zilikuwa miche ya sabuni na madaftari.

Ilipofika zamu ya familia ya nne, baba aliipokea Biblia, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Miwani nimeisahau nyumbani." Binti yake wa darasa la sita akadakia, "Ni kweli, Mchungaji. Nitasoma mimi yote." Akasoma vizuri sana. Lakini kuna mtu nyuma aliyesema kwa sauti kwamba mzee huyo hajawahi kuwa na miwani, na watu wakacheka. Jumapili iliyofuata baba yule hakuja ibadani. Hata ile ya pili hakuja.

Tangu siku hiyo swali hili halijatuacha. Binti yule alisema uongo mbele ya kanisa, Biblia ikiwa mkononi mwake. Je, alitenda dhambi? Na kama alitenda, ni nani aliyemfikisha hapo?

Katekisimo Ndogo tuliyojifunza katika kipaimara inatupa amri mbili zinazokutana hapa. Amri ya Nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Amri ya Nane inakataza ushuhuda wa uongo, lakini Martin Luther katika maelezo yake haishii kwenye katazo. Anatutaka pia tumtetee jirani na kuyachukulia mambo yake kwa upande ulio mwema. Hatusemi kwamba uongo ni halali. Tunasema kwamba mtoto aliwekwa mahali ilipombidi kuchagua kati ya kusema kweli na kumlinda baba yake, na mahali hapo tulipatengeneza sisi.

Tunamkumbuka Nuhu katika Mwanzo sura ya 9. Hamu aliuona uchi wa baba yake, akatoka nje kuwaeleza wenzake. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika. Siku ile binti alikuwa upande wa Shemu na Yafethi. Sisi tulikuwa Hamu, tena Hamu mwenye spika.

Tulipolizungumza jambo hili katika baraza la wazee, mmoja wetu alipinga. Alisema aibu nayo ni dawa, na kwamba mtu akiona haya ndipo atakapoamka kwenda kujifunza. Hoja hiyo si ya kupuuza, maana wapo walioamshwa hivyo. Lakini sisi Walutheri tumefundishwa kutofautisha Sheria na Injili. Sheria humwonyesha mtu dhambi yake ili atubu. Kutojua kusoma si dhambi. Huenda baba yule alichunga ng'ombe wakati wenzake wakienda shule, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa na wazazi wake. Kumchapa kwa fimbo ya Sheria mahali pasipo na kosa ni kumwumiza mtu aliyekwisha kuumia.

Hata hivyo, kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kunyamaza. Tukisema tumheshimu mzee kwa kumwacha alivyo, tutakuwa tumemheshimu kwa maneno tu. Msimu wa pamba ukifika ataweka dole gumba kwenye karatasi bila kujua kilo zilizoandikwa. Mtoto akiugua usiku, atashika pakiti ya dawa asijue ni vidonge vingapi. Na binti ataendelea kutunga habari za miwani. Shemu na Yafethi hawakugeuza nyuso zao tu na kuondoka. Walileta nguo. Kwa baba yule, nguo ni kufundishwa kusoma, mahali ambapo hatachekwa.

Nchi yetu imewahi kulitambua jambo hili. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hata kabla ya hapo, mwaka 1968, mradi wa kisomo chenye manufaa ulianza katika mikoa ya Ziwa, ikiwamo Shinyanga, ambayo sisi tulikuwa sehemu yake kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Vitabu vyake vilifundisha kusoma kupitia kilimo cha pamba, ng'ombe na uvuvi. Mkulima alianza na maneno ya kazi anayoijua, wala hakufanywa mtoto. Nasi wenyewe tunaikumbuka Nanenane ya kitaifa pale Nyakabindi mwaka 2018 na 2019. Baba na mwana walisimama pamoja mbele ya vipando, wote wawili wakiwa wageni wa mbegu ile, wote wakauliza maswali. Hakuna aliyepimwa mbele ya mwingine.

Tulikwenda nyumbani kwa mzee yule kuomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mchungaji, mimi sikukataa kujifunza. Nilikataa kujifunzia mbele ya watoto wa jirani."

Neno lile lilitufundisha kuliko semina nyingi. Sasa darasa la kusoma hukutana jioni, watu wazima peke yao. Siku ya Familia ipo bado, lakini mashindano ya kusoma tumeyaondoa. Tumefuata mpango wa Pasaka katika Kutoka 12: mtoto huuliza maana ya jambo, na mzazi hujibu. Panapohitajika kitabu, mzazi humwambia mwanawe, "Nisomee hapa," na huyo husoma kwa sauti ya kawaida, bila spika.

Bwana wetu mwenyewe, akiwa na miaka kumi na miwili, alibaki hekaluni baada ya sikukuu, na majibu yake yakawashangaza waalimu. Luka anatuambia kwamba Yusufu na Mariamu hawakuelewa alilowaambia. Naye akashuka nao mpaka Nazareti, akawatii.

Mzee yule amerudi ibadani. Darasani bado hajaja. Hatumharakishi, ila nafasi yake tumeiweka. Nanyi wapendwa mnaopanga siku kama hizi katika mitaa yenu, kabla ya kufunga turubai ulizeni kwanza ni nani atakayelazimika kusahau miwani yake. Mungu atupe hekima ya kufundishana bila kuvunjiana heshima. Amina.