Ukurasa wa Uendelevu

Kila andiko la kuomba fedha za malaria lina ukurasa mmoja unaoandikwa mwisho, usiku wa manane, watu wamechoka na muda wa kuwasilisha unaisha asubuhi. Ni ukurasa wa uendelevu: mradi ukifungwa, kazi itaendeleaje? Nimeuandika mara kadhaa, na kila mara nilijaza kwamba serikali na jamii zitaiendeleza. Hakuna mfadhili aliyenirudishia. Nilikuja kuona uzito wa sentensi hiyo niliposoma yaliyoipata Zanzibar.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Shirika la Afya Duniani lilianza kutokomeza malaria Unguja na Pemba. Wapulizaji walipita nyumba kwa nyumba wakinyunyiza dawa kutani. Siku hizo njia mojawapo ya kuupima ugonjwa kijijini ilikuwa kuwapanga watoto mstari, mganga akamgusa kila mmoja chini ya mbavu za kushoto kutafuta bandama, maana mtoto anayeugua malaria mara kwa mara bandama yake huvimba mpaka ikashikika kwa vidole. Kabla ya kazi ile, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na vimelea kwenye damu. Kufikia 1968 hawakuzidi 10 kwa kila 100.

Mwaka huohuo mradi ukafungwa.

Haukufungwa kwa sababu umeshindwa, na hapo ndipo pa kutulia. Malaria ilikuwa imeshuka, visiwa vikaonekana vimepona. Hata duniani ari ilikuwa imepoa: Marekani ilikuwa imeacha kutoa fungu lake maalumu tangu 1963, na mwaka 1969 lengo la kuitokomeza malaria kila mahali kwa mpigo mmoja likawekwa kando. Mbu hawakuwa na habari na hayo. Katika miaka ya 1970 homa zilirudi visiwani kwa nguvu. Tena hurudi vibaya, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa miaka ya utulivu hajaujua ugonjwa. Mwili wake hauna kinga ambayo kaka zake waliipata kwa kuugua na kunusurika.

Miaka ya 1980 Zanzibar ilijaribu mara ya pili, safari hii kwa fedha za Marekani. Fedha zikaisha kabla muongo haujaisha, malaria ikarudi tena. Madagaska nako, kwenye nyanda za juu, upulizaji na ugawaji wa dawa ya klorokwini viliachwa katika miaka ya 1970. Mlipuko wa miaka ya 1980 uliua makumi ya maelfu. Watafiti waliopekua kumbukumbu tangu miaka ya 1930 walihesabu mara 75 malaria iliporudi, katika nchi 61. Katika mara 68, kulegea kwa programu kulichangia, na sababu iliyotajwa zaidi ni upungufu wa fedha.

Hatari, basi, huja pale takwimu zinapopendeza. Mwaka 2023 dunia ilitumia dola bilioni 4 kwa malaria wakati zilihitajika bilioni 8.3, na watu 597,000 walikufa. Fedha zikiwa haba hivyo, ni rahisi kuzihamisha za kisiwa kilichotulia na kuzipeleka kunakowaka. Sioni ubaya wa nia hiyo. Naona tu kwamba 1968 imekwisha kutuonyesha bei yake.

Mara ya tatu Zanzibar ilianza 2003 kwa dawa mseto. Vyandarua na upulizaji vikafuata, vikilipiwa na Mfuko wa Dunia na mpango wa malaria wa Rais wa Marekani uliotangazwa 2005. Vimelea vikashuka chini ya mtu 1 kwa kila 100. Kazi iliyobaki haina kelele: mgonjwa akigundulika kituoni, taarifa inakwenda kwa simu, afisa wa wilaya anapanda pikipiki hadi nyumbani kwake, anawatoboa vidole wote waliomo, anatazama kama chandarua kimetungikwa. Haipigwi picha ya uzinduzi, wala hakuna waziri wa kukata utepe. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, kazi za namna hiyo katika nchi nyingi za Afrika zilijikuta hazina wa kuzilipia.

Ndiyo maana kijana anayeniletea andiko lake siku hizi, liwe la chandarua, la chanjo au la utafiti, namwomba aanze na ukurasa ule wa mwisho, tena autume kwa watu wa hazina ya nchi yake kabla ya kwa mfadhili. Serikali za Afrika ziliahidi Abuja mwaka 2001 kuipa afya asilimia 15 ya bajeti, kwa hiyo ana pa kushika anapodai. Neno uendelevu namtaka alifute. Badala yake aandike afisa yule wa pikipiki atahitaji lita ngapi za petroli mwaka wa sita, mradi ukiwa umefungwa, vipimo vingapi, na ni kifungu gani cha bajeti ya nchi kitakachovilipia.