Siku Ambayo Pikipiki Hazikuondoka

Anayepanga kuvuka bahari ili akatazame mbio za pikipiki huanza na hesabu. Hupiga hesabu ya nauli ya ndege kutoka Nairobi au Dar es Salaam hadi Jeddah, ya viza, ya siku za likizo, ya gari la kukodi litakalomfikisha jangwani, hata ya blanketi, kwa kuwa usiku wa Januari katika bara Arabu una baridi asiyoidhania mtu wa pwani. Mbio zenyewe anazijua. Ni zile za Dakar, zilizoanza mwishoni mwa 1978 kwa safari ya kutoka Paris hadi mji mkuu wa Senegal, zikahamia Amerika ya Kusini mwaka 2009, na tangu 2020 zinafanyika Saudi Arabia. Hesabu zote hizo zina mahali pake kwenye karatasi. Lisilo na mahali ni swali la kile hasa anachokwenda kukinunua.

Swali hilo liliwahi kujitokeza wazi, bila mtu kulikusudia, katika siku tatu za Januari 2020. Mbio zilikuwa zimeanza Jeddah tarehe 5. Jumamosi ya tarehe 11 waendeshaji walipumzika Riyadh. Asubuhi iliyofuata waliondoka mjini humo kuelekea Wadi Al-Dawasir, hatua yenye kilomita 546 za kushindania muda. Kwenye kilomita ya 276, saa nne na dakika chache asubuhi, Paulo Gonçalves, Mreno wa miaka 40 aliyekuwa katika Dakar yake ya 13, alianguka. Helikopta ya matabibu ilifika baada ya dakika nane ikamkuta hana fahamu. Hakupona. Waliosimama kumsaidia kabla ya matabibu kufika walikuwa washindani wake. Mmojawao ni Mwaustralia Toby Price, mshindi wa mwaka uliotangulia, ambaye aliiacha saa ya mashindano ikimhesabia, akabaki na mwenzake.

Kesho yake, tarehe 13, waandaaji waliifuta hatua ya nane kwa pikipiki zote, za magurudumu mawili na za manne, ili waendeshaji wamwomboleze mwenzao. Magari na malori yaliendelea kama kawaida. Huo ni ubaguzi unaostahili kuulizwa, maana kifo hakikuwa cha pikipiki bali cha mtu. Lakini uulizwe siku nyingine.

Sasa na achukuliwe mtazamaji mmoja wa kufikirika aliyefika Wadi Al-Dawasir siku hiyo. Amejinyima miezi minane. Amesafiri kutoka mbali, amelala ndani ya gari, ameamka kabla ya alfajiri akapanda juu ya mchanga mahali alipoonyeshwa kwamba pikipiki zitapita. Anaambiwa hazipiti. Moyoni mwake huingia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni huzuni, na hakuna sababu ya kudhani kwamba ni ya uongo. La pili hasemi mbele ya watu: amekula hasara. Ni lipi kati ya hayo mawili lililotangulia, hata kwa nukta moja, analijua yeye peke yake.

Watoto wa pwani hufundishwa mapema katika madrasa kwamba amali hupimwa kwa nia. Wanalolifahamu baadaye sana ni kwamba nia haionekani vizuri wakati mambo yanakwenda sawa. Anayekwenda kutazama ustadi na anayekwenda kutazama hatari hukata tiketi ya ndege ileile, husimama juu ya kilima kilekile, hupiga kelele kwa wakati mmoja. Hawatofautiani hadi siku mbio zinaposimama. Hapo mmoja huona kwamba jambo alilolifuata bado lipo, kwa kuwa waendeshaji wanaomwomboleza mwenzao ni walewale aliowasafiria. Mwingine huona ameibiwa.

Wapo watakaojibu kwamba hoja hii inamtwisha mtazamaji mzigo usio wake. Mwendeshaji ni mtu mzima, ameijua hatari, ameikubali, wengine hata wameilipia. Jibu hilo lina nguvu. Pierre Cherpin, Mfaransa wa miaka 52, hakuwa mwendeshaji wa kulipwa. Aliingia Dakar ya 2021 kwa mapenzi yake. Alianguka tarehe 10 Januari kati ya Ha'il na Sakaka, akafikishwa Jeddah, akafa wakati akirudishwa Ufaransa kwa ndege. Habari za kifo chake zilitolewa siku ambayo mbio zilikuwa zikifika ukingoni katika Jeddah hiyohiyo. Hakuna mtazamaji aliyemlazimisha. Lakini hiari ya anayejihatarisha hujibu swali moja tu, nalo ni kama amedhulumiwa. Haijibu swali la yule aliyesimama pembeni akitazama, kwamba furaha yake ilikuwa imesimama juu ya nini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hasa ukiwa mwenzio ameutwaa mwenyewe.

Aurelio Agustino, mzaliwa wa Thagaste katika Afrika ya Kaskazini, alilieleza jambo hili katika karne ya nne alipoandika juu ya rafiki yake Alypius. Alypius aliyachukia mapigano ya kuuana yaliyokuwa burudani ya Roma. Marafiki walimburuta hadi uwanjani, naye akafumba macho. Kelele za umati zikamfumbua, na kuanzia hapo hakuweza kuondoa macho. Mbio za pikipiki si mapigano ya Roma. Hakuna anayelipwa ili afe, na waandaaji hufanya kazi kubwa ya kuzuia vifo. Kwa mashindano ya 2021 walilazimisha fulana za mfuko wa hewa, wakapunguza matairi ya nyuma yanayoruhusiwa hadi sita kwa mbio nzima ili kasi ishuke. Hata hivyo simulizi ya Alypius inafaa, kwa sababu aliyeanguka ndani yake ni mtazamaji. Aliingia akiwa na nia moja akatoka na nyingine, bila kuinuka kitini pake.

Afrika Mashariki ina njia yake ya kulikwepa jambo hili. Bodaboda inapogongwa barabarani, umati hukusanyika, simu hutolewa mifukoni, na mtu mmoja husema kwamba ajali haina kinga. Kauli hiyo huwa imefunga mjadala kabla haujaanza. Dakar inaonyesha kwamba kinga ipo pale penye fedha na nia ya kuiweka: helikopta ndani ya dakika nane, katikati ya jangwa. Kijana wa bodaboda hubahatika akipata gari la kumbeba. Na huko Riyadh na Jeddah kwenyewe wapo vijana wa kigeni wanaopeleka vyakula milangoni kwa pikipiki, katikati ya magari yanayokwenda kasi, bila mtu kusafiri kutoka popote kuwatazama. Wapo pia Wakenya na Waganda wengi, madereva, walinzi na wafanyakazi wa nyumbani, ambao kambi ya mbio ikiwekwa pembezoni mwa mji wao huenda wasiione, kwa kuwa siku ya mapumziko haiko mikononi mwao. Mtazamaji atokaye Nairobi atapita karibu nao akielekea jangwani. Haimlazimu kuiacha safari yake. Yafaa tu ajiulize kwa nini hatari moja humwinua kwenye kiti na nyingine humpita kama upepo.

Gonçalves mwenyewe aliacha kipimo, wala hakukiacha kwa maneno. Mwaka 2016, Dakar ilipokuwa ikitoka Bolivia kuingia Argentina, alikuwa miongoni mwa waliokuwa mbele alipomkuta Mwaustria Matthias Walkner chini, amevunjika paja. Alisimama hadi msaada ukafika. Waandaaji walimrudishia baadaye dakika alizozipoteza, lakini aliposimama zilikuwa zikimtoka. Miaka minne baadaye ikawa zamu ya wengine kusimama kwa ajili yake. Miongoni mwa waendeshaji hiyo ni desturi: anayetaka ushindi kuliko wote ndiye anayetakiwa auweke chini mara moja, na hutimiza. Mtazamaji anatakiwa aweke chini kitu kidogo zaidi, siku moja ya burudani aliyoigharimia, na katika mipango yake hakuitengea siku hiyo nafasi.

Jumanne ya tarehe 14 pikipiki ziliondoka tena, kutoka Wadi Al-Dawasir kwenda Haradh. Za timu ya Hero, aliyokuwa akiiendeshea Gonçalves, hazikuwamo.