Anayengoja Nyonga Mpya: Anaomba au Anadai?

Katika eneo la Rohero, mjini Bujumbura, kuna mtaa uitwao INSS. Uko pamoja na Rohero ya Kwanza na ya Pili, Kiriri, Kabondo na Mutanga Kusini, na umebeba jina la taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, ile inayokusanya michango ya wafanyakazi wa Burundi na kuwalipa pensheni za uzee, za ulemavu na za warithi wa marehemu. Jina hilo liko midomoni mwa watu kila siku, mtu akimwelekeza dereva wa teksi au akitafuta nyumba ya kupanga.

Swali lililo nyuma ya jina hilo ni zito. Mtu nyonga yake imekwisha, hawezi tena kusimama kazini, na daktari amemwambia kwamba akibadilishiwa kiungo atatembea vizuri. Upasuaji wenyewe haijulikani utakuwa lini. Katika muda huo wa kungoja, fedha anayopewa ili ale na alipe kodi ya nyumba ni nini: sadaka anayohurumiwa, au deni analolipwa?

Wanasheria wana jibu lao, wahasibu wana lao. Lakini swali hili kwanza ni la dini, kwa sababu linauliza mzima anadaiwa nini na aliyelemaa, na kama ulemavu unaotarajiwa kuisha una uzito sawa na ule wa maisha.

Ndani ya nyonga na goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, tishu ngumu inayoteleza. Gegedu likilika, mfupa husagana na mfupa. Mgonjwa hulala kwa ubavu mmoja, hushindwa kufunga viatu vyake, na akipanda ngazi hushika ukuta. Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, daktari John Charnley alianza kuweka nyonga bandia ya chuma na plastiki ngumu, na zinazowekwa leo zimetokana na kazi yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la The Lancet ulikadiria kwamba nyonga bandia 58 kati ya 100 hudumu miaka 25, na magoti 82 kati ya 100.

Afrika Mashariki wanaongoja si wazee peke yao. Selimundu huweza kuziba damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na kijana wa miaka 25 akajikuta na nyonga ya mzee. Ajali za barabarani huleta wengine. Mwenye uwezo husafiri: taasisi ya mifupa ya Muhimbili, MOI, huko Dar es Salaam hubadilisha nyonga na magoti, na wengine hufika Nairobi au India. Asiye na uwezo hungoja fedha za ndugu, au zamu ya hospitali, au vyote viwili.

Hapo ndipo anapokutana na vipimo. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Burundi, kama ile ya Ubelgiji, hupima ulemavu kwa uwezo wa kuchuma uliopotea, na mpaka wake ni theluthi mbili. Mrundi aliyeko Brussels hukuta theluthi mbili hizohizo, na huko mwaka wa kwanza mtu huhesabiwa kuwa hawezi kazi tu. Ulemavu huanza kuhesabiwa mwaka wa pili. Aliyeko Uingereza huambiwa aonyeshe kwamba shida yake imekuwapo miezi 3 na itaendelea miezi 9 mingine, na mwendo wake hupimwa kwa mita: 200, 50, 20. Nchini Marekani, walikopelekwa maelfu ya Warundi wakimbizi wa mwaka 1972 kutoka kambi za Tanzania, sheria hutaka ugonjwa utakaomzuia mtu kufanya kazi kwa miezi 12 au zaidi. Kenya, kupitia mpango wa Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mwenye ulemavu mkali, yule anayehitaji kuangaliwa na mtu wakati wote.

Anayengoja nyonga huanguka katikati ya vipimo hivyo. Ni mgonjwa mno kwa kazi, lakini ana tumaini la kupona, na tumaini hilo hugeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Mchukulie karani wa kampuni, mwenye miaka 52, aliyekatwa mchango tangu mshahara wake wa kwanza. Ana bahasha ya kaki, na ndani yake mna picha ya eksirei, cheti cha daktari chenye muhuri, barua ya mwajiri na nakala ya kitambulisho. Jina lake likiitwa ofisini, husogea kwanza mpaka ukingoni mwa benchi. Huvuta mguu mzima chini yake, huweka kiganja kimoja pajani na kingine kwenye bega la jirani, kisha hunyanyuka na kusimama kimya kidogo, maana hatua ya kwanza ndiyo inayochoma. Hatua ya 10 huenda ikawa nyepesi. Afisa anayeinua macho kwenye hatua ya 10 humwona mtu mzima kabisa.

Na hapo hapo huingia kishawishi. Je, achechemee zaidi ya anavyochechemea? Jana usiku hakulala, leo asubuhi mguu umelegea. Akitembea kama anavyoweza leo, huenda akanyimwa haki ya jana na ya kesho. Mtu mwaminifu huanza kuigiza maumivu ambayo kweli anayo. Mfumo unaomfikisha hapo umemwongezea jeraha la pili, na hilo halionekani kwenye eksirei.

Dini zilikwisha kulitazama jambo hili kwa utulivu mkubwa kuliko ofisi zetu. Katika fikihi ya Kiislamu mgonjwa hupewa ruhusa kwa kadiri ya hali yake ya sasa. Asiyeweza kusali amesimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali kwa ubavu. Ndivyo alivyofundishwa swahaba Imran bin Husayn, aliyekuwa na maradhi. Katika saumu ya Ramadhani wanavyuoni hutofautisha wagonjwa wawili: anayetarajiwa kupona hula sasa na kulipa siku hizo baadaye, na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini. Tofauti ipo, lakini wote wawili wanapata nafuu leo. Hakuna anayeambiwa afunge kwa kuwa atapona miezi sita ijayo. Mzee wa Buyenzi, mjini Bujumbura, anayesali kwenye kiti mwishoni mwa safu, kwa sababu goti halikunjiki, haulizwi na imamu kama goti hilo litapona. Swali ni kama linakunjika sasa.

Injili ya Yohana nayo, katika sura ya tano, ina mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38, akiwa kando ya birika la Bethzatha mjini Yerusalemu. Tiba ipo mbele ya macho yake, hatua chache tu. Anapoulizwa kama anataka kuwa mzima, jibu lake si kuusimulia ugonjwa. Anaeleza kwamba hana mtu wa kumwingiza majini, na kila akijikokota mwingine humtangulia. Anasema habari ya foleni, na ya upweke ndani ya foleni. Wahubiri wengi hukimbilia muujiza unaofuata. Wangekaa kidogo kwenye lile lalamiko wangewakuta waumini wao wengi.

Mtu atajibu kwamba dini hizohizo zinafundisha subira. Ni kweli, na mtu anayengoja upasuaji bila subira huumia mara mbili. Lakini subira ya nani, na nani ana mamlaka ya kuidai? Ayubu ndiye kielelezo chake katika Biblia na katika Kurani. Katika Biblia analalamika na kuhojiana na marafiki zake sura baada ya sura, na mwishoni wanaokemewa na Mungu ni wale marafiki waliokuwa na maelezo tayari juu ya mateso ya mwenzao. Katika Kurani Ayubu anamlilia Mola wake kwamba dhara limemgusa, na bado anasifiwa kuwa mwenye kusubiri. Kwa hiyo kulalamika hakuvunji subira, na kudai hakuivunji. Subira ni ibada ya mgonjwa mwenyewe mbele ya Mungu. Mwenye ufunguo wa sanduku la fedha akimwambia mgonjwa asubiri, hapo hakuna fadhila yoyote. Ni malipo yaliyocheleweshwa.

Historia inaunga mkono hoja hii. Abu Yusuf, kadhi mkuu wa zama za Harun al-Rashid, ameandika katika kitabu chake cha kodi habari ya Khalifa Umar kumkuta mzee kipofu Myahudi akiomba barabarani. Umar alimpa cha kwake, kisha akaamuru hazina ya umma imtunze yeye na walio kama yeye, akiona si haki kula kodi ya mtu ujanani na kumtupa uzeeni. Miongo kadhaa baadaye, khalifa al-Walid bin Abd al-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715, aliwawekea wenye ukoma posho ili wasiombe, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu kiongozi. Hoja ya Umar ndiyo hoja ya yule karani mwenye bahasha. Alichanga alipokuwa na nguvu, na mfuko ulipokea bila kumuuliza kama anaumwa.

Ipo hoja ya upande wa pili, na ni ya haki. Mfuko wa hifadhi ya jamii ni amana ya wengi, tena katika nchi maskini. Mtu akila asichostahili, amemnyang'anya mjane. Ndiyo maana lazima kuwe na daktari, cheti na uchunguzi. Na anayelipwa ana wajibu wake: akishabadilishiwa nyonga na kupata nguvu, aende mwenyewe kusema kwamba amepona. Lakini uaminifu wa namna hiyo huota penye kuaminiana. Mtu aliyelazimishwa kuchechemea ili asadikiwe, atawezaje kuamini kwamba akisema kweli hataadhibiwa?

Tena fedha peke yake haimfikishi mgonjwa pale inapomfikisha mzima. Mwanafalsafa Amartya Sen alionyesha kwamba mlemavu hupungukiwa mara mbili: huchuma kidogo, na kile kidogo humnunulia maisha madogo zaidi. Rohero inathibitisha hilo. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura, na miaka ya karibuni uhaba wa mafuta umewaacha wasafiri kwenye foleni ndefu za mabasi. Kijana mzima atatembea. Mwenye nyonga iliyokwisha atalipa teksi kwenda hospitali, teksi kurudi, na teksi ya kupeleka karatasi iliyosahauliwa.

Na yule karani walau ana jina katika daftari la michango. Zaidi ya asilimia 80 ya Warundi wanaishi kwa kilimo, nje ya mishahara na michango. Wafanyakazi wa serikali wana bima yao. Mkulima ana kadi ya msaada wa matibabu, iliyouzwa kwa faranga 3,000 kwa kaya kwa mwaka, ambayo hailipi siku za kukaa bila kulima. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wagonjwa maskini waliozuiliwa katika hospitali za Burundi kwa kushindwa kulipa bili. Mwaka huohuo matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 na huduma za uzazi vilifanywa bure, jambo linaloonyesha kwamba nchi hii ikiamua, huweza. Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na mwaka 2018 ikatunga sheria yake yenyewe.

Zanzibar inatoa somo jirani. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefika miaka 70 hupata pensheni ya serikali, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa ana shamba au mtoto Uarabuni. Hathibitishi umaskini wala huzuni, huthibitisha umri. Ulemavu hauwezi kupimwa kirahisi hivyo, lakini roho ya utaratibu huo yaweza kuigwa. Cheti cha daktari bingwa kinachosema kwamba nyonga imekwisha na upasuaji unahitajika kiwe kinatosha. Malipo yahesabiwe tangu tarehe ya cheti hicho mpaka mgonjwa amalize mazoezi baada ya upasuaji, na asiitwe tena na tena kuonyesha anavyotembea.

Misikiti na parokia zina sehemu yao pia. Zaka ina mafungu 8 katika Kurani, na maskini na fukara ndio wa kwanza kutajwa. Parokia nyingi zina sadaka ya wagonjwa. Kamati hizo zilipe teksi ya hospitali, zimpe mgonjwa kijana wa kumbebea faili na kumshikia mlango, na zimwandikie barua asiyejua Kifaransa cha ofisini. Hiyo ni kazi ya wiki hii, haingoji sheria mpya.

Nawe msomaji, ikiwa mzazi wako, jirani au mwenzako wa kazini anangoja upasuaji wa nyonga au goti, usimwambie avumilie. Muulize siku yake ya kwenda ofisini ni lini, uende naye.