Rafiki Akifa Ghafula

Ndugu msomaji, iko misiba inayobisha hodi kabla ya kuingia. Mgonjwa hulala kitandani miezi, jamaa humwuguza, huombana radhi naye, na roho inapotoka wanaobaki hulia, lakini kilio chao kilikwisha anza zamani. Na uko msiba usiobisha hodi. Juzi mlikuwa pamoja, mkacheka, mkaahidiana kuonana Ijumaa; leo unaambiwa kwamba amekwisha zikwa. Nataka kusema nawe juu ya msiba huu wa pili, hasa wewe uliyejiunga karibuni na Jumuiya hii, au ungali ukichunguza. Siku hiyo watu watakutazama, nawe mwenyewe utajitazama, mkiuliza kama dini uliyoichagua inafaa kitu.

Wengi hudhani kwamba mwenye imani thabiti halii. Nimewaona wanafunzi wangu wakiuma midomo mbele ya jeneza, wakiona haya kwa machozi yao kana kwamba wameiba. Dhana hii haikutoka kwa Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. Yeye alipompoteza mwanawe Ibrahim, aliyekuwa bado mtoto mchanga, macho yake yalitiririka machozi, na sahaba mmoja alipostaajabu, alimjibu kwamba hayo ni rehema. Alilokataza ni kujipiga mashavu, kurarua nguo na kusema maneno ya kumlaumu Mungu. Machozi hakuyakataza kamwe.

Lakini twende kwenye kifo kilichokuwa kizito kuliko vyote kwa Waislamu, tumtazame rafiki aliyefiwa.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa Rabiul-Awwal, mwaka wa 11 wa Hijra, yaani mwaka 632. Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa ameugua siku kadhaa, na Hadhrat Abu Bakr r.a. ndiye aliyekuwa akisalisha kwa amri yake. Asubuhi hiyo Waislamu walipokuwa katika sala ya Alfajiri, Mtume s.a.w. aliinua pazia la chumba cha Bibi Aisha r.a., akawatazama walivyojipanga safu, akatabasamu. Furaha iliyowapata ilikuwa kubwa hata wakakaribia kuivunja sala yao. Wakaona kwamba amepata nafuu. Hadhrat Abu Bakr akaenda nyumbani kwake mahali paitwapo Sunh, pembeni mwa Madina. Siku ile ile habari ikamfuata huko.

Huyu ndiye aliyemwamini Mtume s.a.w. tangu mwanzo bila kusitasita, aliyekaa naye pangoni Thaur wakati wa Hijra mwaka 622, maadui wakipita juu ya vichwa vyao. Urafiki wao ulitangulia hata utume. Naye hakuwapo saa rafiki yake alipokata roho! Wewe uliyefiwa na rafiki ukiwa mbali, usiyepata kumshika mkono wala kusikia neno lake la mwisho, jua kwamba jambo hilo lilimpata aliye bora kuliko mimi na wewe.

Alikuja juu ya farasi, akaingia msikitini asiseme na mtu yeyote, akapita moja kwa moja mpaka chumbani kwa binti yake. Mwili mtukufu ulikuwa umefunikwa kwa nguo ya Kiyemeni. Akaufunua uso, akauinamia, akaubusu, akalia. Akasema kwamba Mwenyezi Mungu hatamkusanyia mauti mawili. Mauti aliyoandikiwa amekwisha yafa. Baada ya hapo ndipo alipotoka kuwaendea watu.

Nje palikuwa na fadhaa kubwa. Hadhrat Umar r.a., mtu shujaa asiyetetemeka vitani, alikuwa akiapa kwamba Mtume hakufa. Hakusema hivyo kwa ujinga. Alikuwa akizidiwa na mapenzi. Hadhrat Abu Bakr akamwambia akae, naye hakukaa. Basi akaanza kusema na watu, nao wakamgeukia. Akawaeleza kwamba aliyekuwa akimwabudu Muhammad, Muhammad amekufa, na aliyekuwa akimwabudu Mungu, Mungu yu hai, hafi. Kisha akasoma aya ya Sura Ali Imran (ya 145 kwa hesabu inayoingiza Bismillahi), inayosema kwamba Muhammad ni mtume tu na kwamba mitume wote wa kabla yake wamekwisha pita. Ikawa kama kwamba watu hawakupata kuisikia kabla ya siku ile. Hadhrat Umar alisimulia baadaye kwamba miguu yake ilishindwa kumchukua, akaanguka chini, akajua kwamba Mtume amekufa kweli.

Niruhusu niseme neno kando. Wachunguzi wengi huniuliza kwa nini sisi Waahmadiyya tunashikilia sana kwamba Nabii Isa a.s. amekufa kama walivyokufa manabii wengine. Jibu mojawapo limo katika saa hiyo ya kilio. Kama mmoja tu wa masahaba angeamini kwamba Isa yu hai mbinguni kwa mwili wake, hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kusimama na kumwambia Abu Bakr kwamba si wote waliopita. Hakusimama mtu. Na Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, aliyetuonyesha maana ya aya hiyo, alionekana siku moja akitembea peke yake msikitini Qadian, akisoma maombolezo aliyoyatunga Hassan bin Thabit r.a. kwa ajili ya Mtume s.a.w., na machozi yakimtoka, ijapokuwa miaka elfu moja na mia tatu ilikuwa imepita. Basi aliyefundisha kwa nguvu kuliko wote kwamba mtume hufa, ndiye aliyemlilia Mtume.

Hapo ndipo ninapotaka usimame, msomaji wangu. Abu Bakr alibusu, akalia, kisha akasema ukweli. Na siku ile ile akaingia katika kazi iliyomngojea, maana Waislamu walikuwa hawana kiongozi. Kama angetoka kusema bila kulia, maneno yake yangekuwa makavu. Kama angebaki chumbani akilia, umma ungepotea. Kwa hiyo msiba wa ghafula haukuachii uchague kati ya huzuni na imani. Unakutaka uzibebe zote mbili, tena ufanye kazi.

Katika nchi zetu adui mkubwa wa kusema ukweli siku ya msiba ni ule mnong'ono unaozunguka mkekani. Kijana amelala mzima, ameamka maiti. Haukupita muda utasikia mtu akisema kwamba hakufa hivi hivi, pana mkono wa mtu. Hutajwa jirani waliyegombana naye shambani, au mke mwenza, au kikongwe asiye na mtetezi. Nawaambieni, wengine waliokwisha kubaiti husikiliza mnong'ono huo na kutikisa vichwa! Ndugu, Kurani Tukufu yafundisha katika aya inayofuata ile aliyoisoma Abu Bakr kwamba hakuna nafsi ifayo ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, kwa muda ulioandikwa. Na siku alipokufa Ibrahim, jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Kama Mtume s.a.w. angekuwa mtu wa kujitafutia utukufu, angenyamaza tu, na uzushi ule ungempamba. Lakini alisimama na msiba wake ungali mbichi, akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu, wala havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Wewe unayemtuhumu kikongwe wa watu, jilinganishe na baba huyo.

Wala kufa ghafula, au kufa kijana, si alama ya kukasirikiwa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924, mubashiri wa Jumuiya yetu, mshairi, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam na baadaye Waziri, alifariki Oktoba 1964 huko Bonn, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Nani atasema kwamba maisha hayo yalikatwa kwa hasira?

Sasa niseme jambo langu mwenyewe, ingawa si rahisi kwangu. Nilikuwa na rafiki, fundi cherehani, katika mji niliopangiwa niliporudi kutoka chuo cha dini ng'ambo. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa mtu wa kwanza mjini pale kunikaribisha kikombe cha chai, na baadaye alibaiti. Kaka yake mkubwa, mwenye duka, akakasirika, wakakaa miaka minne bila kupeana salamu. Rafiki yangu akaniomba niende kwa kaka yake nikawapatanishe. Nikamwambia ningoje Ramadhani ipite. Kwa nini Ramadhani? Sikuwa na sababu. Niliona muda upo mwingi. Mwezi wa Shaaban, usiku, moyo wake ukasimama. Nilipigiwa simu kabla ya Alfajiri.

Nilisema Inna lillahi kwa ulimi, lakini moyo wangu ulikuwa ukisema laiti. Laiti ningekwenda. Laiti nisingeahirisha. Mtume Mtukufu s.a.w. ametuonya kwamba neno hilo humfungulia Shetani mlango wa kazi yake, na sikuielewa hadithi hiyo vizuri mpaka nilipoyaona mwenyewe: siku tatu nililia kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Majuto ya toba humwinua mtu akatengeneze palipobaki. Majuto ya laiti humkalisha chini, akajiona kuwa ndiye mfiwa mkuu, huku mjane hana kuni.

Na kweli hakuwa na kuni. Watu walijaa nyumbani kwake wakila, sufuria zikitoka jikoni kwake, mchele ukikopwa kwa jina lake. Jafar bin Abi Talib r.a. alipouawa Mu'ta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume s.a.w. aliamuru watu waipikie jamaa ya Jafar, kwa kuwa wamefikwa na jambo linalowashughulisha. Kwetu tumeupindua mkono huo: mwenye msiba ndiye anayewapikia wasio na msiba! Sikuhutubu juu yake siku ile. Nyumba ya kilio si mahali pa kubishana juu ya hitima na arobaini. Nilikwenda sokoni na ndugu wawili wa Jumuiya, tukanunua unga, maharagwe na kuni, tukapika uani. Ndipo kaka yake alipoanza kunitazama.

Siku ya nne nikamwuliza juu ya deni la marehemu. Maana yuko maiti aliyeletwa kwa Mtume s.a.w. asaliwe, naye akauliza kama ana deni. Alipoambiwa dinari mbili, hakutaka kumsalia mpaka Abu Qatada r.a. alipolichukua deni lile. Kaka yake akajibu, Mwalimu, njoo uone. Akafungua chumba cha kushonea. Juu ya meza palikuwa na vitambaa 14 vya watu, vingine vimekatwa, vingine bado, na majina yameandikwa kwa chaki pembeni. Wenyewe walikwisha toa arubuni, na fedha ile ilikwisha liwa.

Tulikaa pale chini, mimi na mtu ambaye nilipaswa kumwendea miezi miwili kabla, tukasoma majina. Vilivyokwisha katwa tukampelekea fundi mwingine, na kaka yake akalipa nusu ya ujira, nami nusu. Ambavyo havijakatwa tukavirudisha mlango kwa mlango pamoja na arubuni. Njiani hatukuzungumza habari za dini. Alinisimulia jinsi mdogo wake alivyojifunza kushona kwa cherehani ya mama yao, na mara mbili akasimama kufuta machozi.

Vitambaa 13 vilipata wenyewe. Cha kumi na nne, cha kaki, hakina jina, ila kipimo cha kiuno tu kwa chaki. Kaka yake amekiweka dukani kwake juu ya rafu, mahali ambapo kila aingiaye hukiona. Nipitapo mji ule huingia kumsalimu, nami humwuliza. Naye hunijibu kwamba mwenyewe hajaja.