Wastani Si Tusi

Kwa zaidi ya miaka 30 niliandika neno "wastani" katika taarifa za wanafunzi bila kulitafakari. Tangu nilipokuwa mwalimu wa shule mpaka nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, aliyefaulu sana nilimsifu kwa sentensi mbili, aliyeshindwa nilimwonya kwa sentensi tatu, na aliyekuwa katikati nilimwandikia neno hilo moja, nikafunua ukurasa. Sikujiuliza analipokeaje. Jibu nililipata nikiwa na umri wa miaka 74, tena ugenini, katika duka la vifaa vya theluji.

Mwezi Machi 2023 nilikuwa Denver, Marekani, nyumbani kwa binti yangu. Mimi nimezaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro. Theluji ya Kibo nimeitazama tangu utoto, lakini sikuwahi kuikanyaga. Wajukuu zangu wao huiendea kila majira ya baridi kama sisi tulivyouendea mto. Mkubwa wao, kijana wa miaka 19, alikuwa katika msimu wake wa tatu wa kuteleza mlimani kwa ubao, na miaka yote alikuwa akiukodi. Sasa alitaka wa kwake. Alikuwa na akiba ya dola 400 kutokana na kazi ya jioni, nami nikaahidi kumwongezea 100.

Ndugu msomaji, mchezo huu ulianza kama kichezeo cha nyumbani. Siku ya Krismasi mwaka 1965, Sherman Poppen wa Muskegon, katika jimbo la Michigan, aliunganisha skii mbili, yaani zile mbao nyembamba za kuteleza, ili binti zake wateremke mlima wakiwa wamesimama. Mwaka 1998 mchezo uliozaliwa hapo ukaingia katika Michezo ya Olimpiki kule Nagano, Japani. Leo mbao hizo hujaza ukuta mzima wa duka, kila moja na picha zake na bei yake.

Muuzaji alimwuliza mjukuu wangu amefikia kiwango gani. Kijana akanitazama, kisha akajibu kwamba yeye ni karibu na bingwa. Muuzaji akauliza tena: huteremka njia zipi? Huko Marekani njia za mlimani huwekewa alama: duara la kijani ni njia rahisi, mraba wa buluu ni ya katikati, almasi nyeusi ni ngumu. "Za buluu," akajibu kwa sauti ya chini. "Basi wewe ni wa wastani," akasema yule muuzaji, wala hakuwa na nia mbaya.

Nikaona uso wa kijana ukisinyaa, nami nikaufahamu uso ule. Nilikumbuka mwalimu mmoja niliyemfundisha chuoni, ambaye tulikutana msibani baada ya miaka mingi. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka 27, na kijiji kizima kilijua kusoma kwa mkono wake. Aliniamkia kwa heshima, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, uliniandikia neno moja miaka miwili mfululizo." Siku ile nilicheka. Dukani Denver sikucheka.

Mjukuu wangu akaelekeza kidole kwenye ubao wa dola 650. Zilizopungua, alisema, angelipa kwa kadi ya mkopo. Muuzaji, kwa uungwana ambao si wa kila muuzaji, akamweleza kwamba ubao ule ni mgumu. Ubao mgumu hautetemeki kwa mwendo wa kasi, lakini hudai miguu yenye nguvu na mizani isiyokosea. Ukikosea kidogo, ukingo wake wa chuma hunasa theluji na kukubwaga. Ulio laini sana husamehe makosa, ila ukienda mbio huyumba. Wa katikati hupindika kwa mtu anayejifunza, wala haumtupi anapoongeza mwendo. Tena akasema kwamba urefu hufuata zaidi uzito wa mtu, na kwamba fedha zitangulie kwenye buti, kwa kuwa kisigino kikiinuka ndani ya buti hakuna ubao utakaomwokoa mwenye mguu.

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kule mlimani mashine humpandisha kila mtu, bingwa na mwanafunzi. Kinachowatenganisha ni kushuka. Nilimwuliza mjukuu wangu: unamnunulia nani ubao huu, wewe uliye hapa au yule unayetamani kuwa?

Akanijibu, "Lakini babu, mama anasema ulikuwa ukimnunulia sare kubwa ya shule ili akulie humo humo."

Hoja yake ilikuwa nzito, nami nilinyamaza kitambo. Kuridhika na hali kunaweza kuwa jina zuri la uvivu, na mtu asiyejitazamia makuu hudumaa. Hata hivyo, sare na ubao si kitu kimoja. Mwili wa mtoto hukua wenyewe hata akiwa amelala. Ustadi haukui kwa sababu chombo ni kikubwa. Tena hata sare ile sikuinunua ya mtu mzima. Nilizidisha kidogo tu, nikakunja upindo. Chombo kinachomtangulia mtu hatua moja humfundisha. Kinachomtangulia hatua kumi humwadhibu, na deni lake humwadhibu mara ya pili.

Tulinunua buti kwa dola 160, vifungio vya miguu kwa 110, na ubao wa ugumu wa katikati, wa msimu uliopita, uliopunguzwa bei mpaka 220. Zikabaki dola 10, tukanunua kipande cha nta ya kupaka chini ya ubao. Deni halikuwapo. Kilichogusa mwili kilitangulia, picha za ubao zikafuata nyuma.

Jumamosi nilisimama chini ya mlima, theluji miguuni kwa mara ya kwanza maishani. Mjukuu wangu aliteremka njia ya buluu, akaanguka mara mbili, akainuka mara mbili, akafika akihema na kucheka. Nilitamani kumwandikia taarifa. Ningeandika kwamba anapinda vizuri kushoto, kwamba kulia bado ana woga, na kwamba akianguka hamlaumu mtu. Hizo ni sentensi tatu, na zote zinamhusu mtu wa wastani.

Taarifa zangu za zamani siwezi kuzirudisha. Nawaomba walimu wanaoandika leo wasimwache aliye katikati na neno moja tu. Anahitaji kuambiwa mahali aliposimama, pasipo kusifiwa uongo wala kudharauliwa, maana asipopajua atakwenda kukopa ili anunue mahali pengine.