Njaa ya Ushindi na Haki ya Mwili

Ndugu msomaji, yafaa tulitazame suala ambalo wengi hulidhani ni la wanamichezo peke yao: je, inafaa mtu kujitia njaa ili ashinde mashindano ya baiskeli?

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Katika barabara tambarare, kinachomzuia mpanda baiskeli zaidi ni upepo, na mtu mzito mwenye nguvu hapati hasara kubwa. Mlimani mambo hugeuka. Kila kilo ya mwili ni mzigo wa kupandishwa, na anayetangulia ni yule ambaye nguvu zake, zikigawanywa kwa kilo zake, humpa fungu kubwa zaidi.

Mfano ulio wazi ni wa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Alipopimwa mwaka 2007 alikuwa na kilo 75.6. Alipopimwa tena mwaka 2015 alikuwa na kilo 70 hivi. Nguvu alizoweza kuzidumisha zilikuwa karibu zile zile, yaani wati 420 hivi. Kilichopungua ni mzigo.

Je, hapo pana kosa? Hatuoni. Kupunguza ziada si dhambi, na Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Aaraf, inatufundisha tule na tunywe bila ya kupita kiasi. Kitambi si fahari.

Lakini mizani haijui kusema "basi". Mmoja akipunguza kilo tano akashinda, mwenzake atataka kupunguza saba. Ziada ikiisha, mwili huanza kujila wenyewe. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza madhara ya mwanamichezo kula pungufu ya mahitaji ya mwili wake: mifupa hudhoofika, mwanamke hukatika hedhi, kinga ya maradhi hupungua, na mwishowe nguvu zile zile alizozitafuta humkimbia.

Tazama na ajabu hii. Mwaka 2000 wakuu wa mchezo huo duniani waliweka kanuni kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Chombo kimewekewa mpaka, lakini kanuni hiyo haina neno juu ya mwili wa anayekipanda.

Sisi Waislamu twaijua njaa, kwani twafunga mwezi mzima kila mwaka. Hata hivyo, funga yenyewe ina mipaka. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula, wakalipa siku nyingine. Jua likitua, ni sunna kuharakisha kufuturu. Mtume (s.a.w.) aliwakataza Masahaba kuunganisha siku kwa siku bila ya kufuturu. Na Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Basi ikiwa njaa inayotafuta radhi za Mola imewekewa mpaka, vipi njaa inayotafuta kombe ikose mpaka?

Atasema mtu: "Mwili ni wangu, nami nimeridhika." La, ndugu yangu. Mwili ni amana, na mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuiharibu, hata akiridhika. Anayejinyima na ajiulize: ninachokipunguza ni ziada, au ni haki? Naye mwalimu wa michezo anayemwambia binti wa miaka kumi na sita kwamba bado ni mzito, hali hedhi yake imekwisha katika, ajue kuwa ameshiriki dhulma, japo binti huyo atarudi nyumbani na medali.

Ushindi ni jambo jema ukipatikana kwa njia njema. Ama kombe, hubaki kabatini. Mifupa ndiyo mtu anayozeeka nayo. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuwa watu wa wastani, na atuwezeshe kuirudisha amana yake ikiwa salama. Amin.